Salamu ya Mkono wa Kushoto

Jumatano, 5 Juni 2013

Leo nimenyang'anywa filimbi. Mbele ya kikosi kizima cha skauti! Mwalimu Zebedayo kaninyooshea kiganja tu – lete. Nikaivua shingoni. Akamvisha Brayson.

Filimbi ya kiongozi ilikuwa kwangu tangu Kasiani, aliyekuwa nayo kabla yangu, amalize kidato cha nne. Nani aliwafundisha wadogo mafundo? Mimi. Nani aliwafundisha kuwasha moto kwa kuni mbichi? Mimi. Brayson hata skafu yake anafungiwa na Faudhia. Lakini baba yake ni ajenti wa forodha hapo mpakani Tunduma, na ndiye anayetoa Fuso ya kutupeleka Ileje Jumamosi, tukalale ziwani kule mlimani. Basi. Filimbi imeifuata Fuso.

Nilimfuata Mwalimu ofisini. Kasema kikosi kitapimwa hukohuko. Atakayeonyesha uongozi safarini ndiye atabaki na filimbi, na ndiye atakwenda kambi ya taifa Dodoma. Nikamuuliza, mbona mmoja anaanza nayo tayari? Kasema nina mdomo.

Ninao. Na filimbi nitairudisha shingoni kwangu.


Ijumaa, 7 Juni

Kufungasha mizigo mchana kutwa. Brayson kaja na buti mpya kutoka Zambia, marashi, na simu ya kupigia muziki. Marashi! Sufuria amebebeshwa Faudhia.

Kisha mafunzo ya heshima. Mwalimu kasema mkishavaa sare, mkono wa salamu ni wa kushoto, iwe unamsalimia kamishna au muuza ndizi. Nikanyoosha kidole. Nikasema kule Ileje ndiko kwa kina mama yangu, na mtu mzima hapewi mkono wa kushoto, ni matusi. Hiyo salamu ni ya sisi skauti kwa skauti. Brayson akageuka – "Acha mambo ya kwenu kijijini, Resty." Wakacheka. Faudhia naye kacheka! Sitamsahau kwa hilo.

Jioni nimemweleza mama. Hakucheka. Kasema njia ya ziwani inapita uani kwa Bibi Enesi, na ukoo wake ndio unaoitunza. Mgeni anachuchumaa, anapiga makofi polepole, anangoja kuitikiwa, ndipo anapanda. Kijana wake, Mbonile, ndiye anayeongoza watu. Nikakimbia hadi kwa Mwalimu kumwambia. Alikuwa anakula. Kasema amesikia.

Kusikia hakumshindi.


Jumamosi, 8 Juni – ndani ya Fuso

Vumbi tangu tuache lami pale Mpemba. Brayson kakaa mbele na dereva. Kila tukipita watu anatoa kichwa dirishani kuwasalimia, "Mulishani! Mulishani!" Anadhani kila mtu duniani anaongea Kibemba kama madereva wa malori wa baba yake. Mama mmoja mwenye mzigo wa kuni kamtazama tu mpaka tukapotea.

Sisi huku nyuma na masufuria. Faudhia ananiomba msamaha. Sijamjibu.


Jumamosi hiyohiyo, jioni

Nina hasira hata kalamu inatoboa karatasi.

Tumefika uani kwa Bibi Enesi. Kakaa kwenye mkeka anachambua maharage, mwili mdogo, macho makali. Mbonile alishasimama na panga lake, tayari kutuongoza. Mwalimu kamtikisia Brayson kichwa – nenda, kiongozi. Brayson akaenda kwa mwendo wa gwaride, filimbi inaning'inia, akasimama wima mbele ya bibi aliyekaa chini, akamshushia mkono wa kushoto.

Nilipiga kelele. "Wa kulia, Brayson! Na uchuchumae!" Mwalimu kaniambia ninyamaze.

Bibi Enesi aliutazama ule mkono. Akafuta wake kwenye kitenge, akaurudisha kwenye maharage. Akauliza kwa Kindali, huyu ni mtoto wa nani anayeniletea mkono wa chooni? Mbonile aliweka panga chini, akaenda zake kufuta pikipiki yake.

Nikachuchumaa. Peke yangu. Nikapiga makofi, nikamsalimia kwa lugha yake. Kaitikia! Kasema, wewe mwanangu pita, yule asipite kabla hajanisalimia. Nikamtafsiria Mwalimu neno kwa neno. Kasema tunachelewa, na njia inaonekana.

Tukapita. Na mimi nikapita. Nilitaka kubaki, lakini ningebaki, filimbi ningeisahau.

Njia ilionekana mpaka ukungu uliposhuka. Ikagawanyika. Brayson kachagua ile pana kwa sababu ni pana. Njia ya wakata mbao! Imetufikisha kwenye magogo, ikaishia hapo. Tumepiga kambi kwenye mteremko, mahema yamekaa upande. Maji ni yale ya chupa tu, ugali umetoka mbichi. Yeye anapuliza filimbi kila baada ya muda, anatuhesabu, kana kwamba yupo mtu wa kutoroka kwenye ukungu huu.

Ziwa hatujaliona. Nimefurahi. Ndiyo, nimefurahi! Mwalimu ameona mwenyewe uongozi wake aliouchagua.


Jumapili, 9 Juni

Alfajiri Brayson kaondoka kimyakimya kulitafuta ziwa peke yake, ili aje aseme amelipata. Tumeamshwa na filimbi. Haikuwa ya kuita gwaride. Ilikuwa inalia kidogo, inakatika.

Nimemfikia wa kwanza. Kateleza kwenye ukingo, kifundo cha mguu kimevimba, na mkono wa kulia – sikutaka kuutazama lakini niliutazama. Umepinda pasipo na kiungo. Vidole vya baridi. Analia kama mtoto, zile buti za Zambia zimejaa matope.

Ziwa alilipata. Lilikuwa chini yetu palepale, jeusi, limetulia. Tulilala juu yake hatukujua. Hakuna aliyelitazama mara mbili.

Nikamvua filimbi nikawaita wengine. Hakubisha. Nimeitamani wiki nzima, na leo imekaa shingoni kwangu wala sikuhisi kitu. Nimemfunga mkono kifuani kwa skafu yangu. Tumekata miti miwili, tukapitisha mashati, tumepata machela. Machela nzuri. Niliwafundisha mimi.

Sasa tuko uani kwa Bibi Enesi. Simu hazishiki huku, Fuso itarudi kesho. Njia ya kumfikisha hospitali Itumba ni moja – pikipiki ya Mbonile. Nimemwomba. Kasema hana neno, ila mpaka mama yake amtume. Mama yake yuko ndani. Kasema kwa sauti, kupitia ukuta, kwamba yule mtoto bado hajamsalimia.

Mwalimu Zebedayo kasimama huko nyuma ya mibuni, hataki kuonekana. Kaninong'oneza, "Restuta, zungumza nao wewe, ni watu wenu." Juzi walikuwa mambo ya kijijini. Leo ni watu wetu! Nimemwambia aje achuchumae mwenyewe. Kasema atazidi kuharibu. Hapo amesema kweli, mara ya kwanza wiki hii.

Tunangoja. Naandika kwa sababu nikikaa bure nitamtukana mtu.

Brayson kaniita. Kaniuliza anasalimiaje. Nikamfundisha maneno. Kayarudia, kayarudia tena, ulimi wake mzito lakini hakukosea sana. Halafu kaniuliza, makofi nipige na nini, Resty? Wa kulia umefungwa. Uliobaki ni ule ule wa jana.

Sikuwa nimelifikiria hilo. Akiutoa huo, tumekwisha. Asipotoa kitu, tumekwisha vilevile.

Ninaweza kumwacha. Nachuchumaa, nasema huyu si wangu, narudi Tunduma na filimbi yangu, Dodoma naenda. Nani atanilaumu? Nilisema Ijumaa. Nilisema jana. Ila vidole vyake vimeanza kubadilika rangi, na mimi ndiye ninayeviona.

Nimekaa kando ya machela. Nimemwambia, lete huo mkono. Kauleta. Una matope. Wa kulia nitautoa mimi, wa kushoto ni wake, tupige pamoja. Sijui kama makofi ya watu wawili yanahesabika. Hata mama sijawahi kumsikia akiyasema.

Nimemwambia simpendi bado. Kasema anajua.

Bibi Enesi ametoka. Kaegemea mlango, anatutazama. Brayson ameinua mkono.

Naacha hapa. Mkono huu ninaoandikia ndio unaotakiwa.