Kitabu Ulichonitumia Mwenyewe

4 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila wino hautoki kwenye kucha. Kifua chako kinaendeleaje?

Usikunje uso kabla hujamaliza kusoma. Sirudi kurithi duka la ushonaji. Hapa kiwandani tunachapa upya kitabu cha mwandishi wa zamani kuhusu uhuru wa mtu, na mimi ndiye msahihishaji. Nina furaha mpaka chakula hakishuki. Mzee huyo alikufa kabla babu yako hajazaliwa, lakini anaandika kama aliyekuwa mezani kwetu jana. Anasema mtu mzima asiyemdhuru mwenzake aachwe achague maisha yake, hata tukimwona anapotea. Nakutumia nakala. Sehemu muhimu nimezipigia mstari.

Binti yako kitindamimba

29 Machi

Mwanangu kichwa kigumu,

Marahaba. Kifua kimetulia kidogo.

Nilikasirika, sikufichi. Lakini unajua desturi yetu dukani, mafundi wakishona mmoja husoma kwa sauti. Nikampa shangazi yako kitabu, nikitumaini watamcheka mwandishi wako. Wapi! Cherehani zote zilinyamaza. Fundi wa vifungo akauliza kwa nini basi mimi ndiye ninayeamua nani akae dirishani. Tulibishana mpaka suruali ya mteja ikatoka mguu mmoja mfupi.

Umeshinda. Kaa na mitambo yako, radhi yangu unayo.

Baba yako

20 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Sikungoja jibu lako, nashindwa kutulia. Duka nimemwachia shangazi yako na mafundi. Nimejiunga na bendi inayozunguka miji, napiga tarumbeta. Tunaondoka mwezi ujao. Sijafurahi hivi tangu mama yako alipofariki.

Baba yako

27 Aprili

Baba,

Shikamoo. Tarumbeta, na kifua hicho? Daktari alikukataza hata kupanda ngazi kwa haraka. Nimemwandikia shangazi alifungie tarumbeta hilo kabatini. Sikukutumia kitabu ili ujiue. Nakataza kwa sababu nakupenda, na naogopa sana.

Mwanao

4 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Shangazi yako alilifungia kweli, mafundi wakanitolea.

Mkuki kwa nguruwe, mama. Wewe ulipiga mstari palipokufaa, sisi tumesoma chote. Karibu na mwisho mzee wako anasema mtu ashauriwe, asihiwe, hata aliliwe machozi, ila asifungwe mikono eti kwa faida yake. Ulisahihisha kila herufi hapo. Daktari nimemwona tena. Kasema ni hatari, nami nimemwelewa vizuri. Umenishauri na nimekusikia. Naenda.

Baba yako

11 Mei

Baba,

Shikamoo. Nimelia, nikacheka, nikalia tena. Shangazi nimemwomba radhi.

Bado naogopa, na nitaendelea kukuambia hivyo kila barua. Bendi yenu inapita huku lini? Nijulishe mapema niombe ruhusa kazini. Nitakaa viti vya mbele kabisa. Pumzi ikikupungua sitainuka kukuzuia. Utanitazama, kisha utaamua mwenyewe kama unalishusha tarumbeta au unaendelea.

Mwanao