Ukingo Usio na Mwenyewe

Mama yangu,

Shikamoo. Kwanza niambie habari za goti lako, maana kwenye simu ulisema hujambo kwa sauti ya mtu anayepanda kilima. Je, Mwanahawa bado anakusugua kwa mafuta ya nazi ya moto, au amechoka? Sisi huku Gitega ni wazima. Hamisi mzima, cherehani yake nzima, na baridi ya asubuhi nimeanza kuizoea. Barua hii anakuja nayo jirani yetu dereva wa lori, atavuka mpaka pale Kobero na kushuka mpaka Tanga. Mwanahawa akusomee polepole na asiruke maneno.

Uliniuliza kwa nini sauti yangu imepungua tangu nije kuishi kwa mume wangu, nikakujibu ni mtandao. Ukweli ni kwamba nilikosa mahali pa kwenda. Mtu wa hapa akitoka nyumbani ana anakokwenda: sokoni, kazini, shambani, msikitini. Mimi nilikuwa nikifika mlangoni nasimama. Kwetu Bweni hakuna anayehitaji sababu ya kwenda pwani. Maji yakitoka, wanawake wanashuka na vikapu. Mwenye bahati anapata pweza, asiye na bahati anaokota kome, na asiyepata kitu anarudi na habari. Mwenye njaa hapigi hodi kwa mtu, anangoja maji yatoke. Nakumbuka ulipotoka eda ya baba, ulikuwa husemi. Shangazi Mwanakombo hakukupa nasaha, alikupa kikapu. Mkarudi na matope mpaka magotini, na siku ile ndipo ulipokula ukashiba. Sasa jambo hilo nimwelezeje mtu ambaye hajapata kuiona bahari?

Basi mvua zilipoanza, Hamisi akaniomba niende Muyinga nikamsaidie mama yake kupalilia. Mama mkwe, Bibi Zaituni, anaishi peke yake Buhinyuza, huko huko Muyinga, kwenye shamba aliloachiwa na marehemu mumewe. Shamba linateremka mpaka bondeni, kwenye mto mdogo. Ni mwanamke mfupi, mkavu, na jembe lake halilali. Alinipokea vizuri, lakini siku ya kwanza tu akanionya: "Uyu jirani wa chini, Nestori, usimusalimie. Tuko na maneno."

Nestori ni Mkristo, mtu mzima aliyekulia Tanzania kwenye kambi ya wakimbizi na kurudi na mkewe Konsolata. Anazungumza Kiswahili kama chetu, na mimi nikisikia sauti yake ng'ambo ya migomba moyo ulikuwa unafurahi bila ruhusa. Maneno yao yalikuwa ya ukingo wa mto. Zamani palikuwa na njia pale, watu wanashuka kuteka maji na kufua. Kila msimu mama mkwe akasogeza maharage kidogo, na Nestori akasogeza mahindi kidogo, mpaka mimea ikaonana na maji na njia ikafa. Kila mmoja akasema mwenzake ndiye aliyeimeza. Walikuwa wamepelekana mbele ya wazee wa kilima, ndicho kijiji cha huku, na wazee walikuwa bado hawajakata shauri.

Asubuhi moja, mvua ya jana yake ilikuwa kubwa na mto umekuwa mwekundu. Tulikuwa chini tukiinua maharage yaliyolala. Konsolata akaja kuteka maji. Kwa kuwa njia hakuna, alikuwa anakanyaga kwenye ukingo wenyewe, kidumu mkononi, macho mbele, hatusalimii nasi hatumsalimii. Nikaona udongo chini yake unatikisika kama uji, kisha ukingo ukakatika pamoja na mistari ya maharage, na yeye ndani.

Mama, mto ule si mpana, lakini ulikuwa na hasira. Watu wa milimani wengi hawajui kuogelea. Konsolata alikuwa anapigana na maji, na ulivyonifundisha wewe ni kwamba anayepigana na maji hushindwa. Nikavua kitenge, nikaingia. Sikumfuata moja kwa moja. Niliacha mto unichukue, nikaukata kwa upande mpaka nikampata kwenye mti ulioanguka. Alinikaba shingo, nikamwambia, "Dada, legea, nimekushika." Sijui alisikia au alichoka, lakini alilegea. Nilipoinua kichwa, nikamwona mama mkwe amelala kifudifudi kwenye matope, ametunyooshea mpini wa jembe huku akimwita, "Konso, kamata. Kamata, mwana wangu." Walikuwa hawajasemezana tangu mavuno.

Tulimtoa. Mkono ulikuwa umeteguka na alikunywa maji mengi, lakini alikuwa hai. Mama mkwe alimfunika kwa nguo zake mwenyewe, akakoka moto, akamnywesha uji kwa kijiko kama mtoto.

Alasiri Nestori akaja na mkungu wa ndizi. Alishukuru, akakaa, akaangalia moto. Mama mkwe akamwuliza, "Ukingo ilianguka kwangu ao kwako?"

"Umeanguka kwetu sote, mama."

Kisha mama mkwe akanigeukia. "We mutu ya bahari. Kule kwenu, pale maji inafika, ni ya nani?"

Nikasema ni ya wote. Mtu anaweza kuwa na minazi yake na nyumba yake, lakini akifika kwenye mchanga amefika kwa watu. Nikawaeleza jinsi tulivyopanda mikoko upya baada ya bahari kuanza kula makaburi, na kwamba siku ile waliokuwa wamenuniana walijikuta kwenye tope moja wakipasiana miche. Nikawaeleza kwamba mjane, mgonjwa aliyepata nafuu na mke aliyegombana na mumewe wote hushukia hapo, na hakuna anayewauliza wamefuata nini.

Nestori alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Dada, nakuelewa. Lakini bahari haina mwisho. Hapa mstari mmoja wa mahindi ni chakula cha watoto. Nikiuacha, nani atanirudishia?"

Alisema kweli. Ardhi ya huku ni ndogo na watu ni wengi, na aliyewahi kufukuzwa kwenye ardhi hawezi kusikia neno "acha" kwa urahisi.

Aliyejibu ni mama mkwe. "Maharage ya mwaka uliopita, mto ilikula. Ya mwaka huu, mto imekula leo, na Konso, bibi yako, kidogo imukule. Nestori, sisi hatulimii watoto. Tunalimia mto." Akainuka kwenda kuswali, na maneno yakaishia hapo.

Kesho yake nilimkuta bondeni anang'oa maharage yake yaliyobaki ukingoni. Yalikuwa na maua tayari. Nilimwona akisimama juu ya kila shina kabla ya kulivuta, na sikuthubutu kumsemesha. Kisha tukakata vipande vya mabingobingo, yale majani marefu ya ng'ombe, tukavipanda mistari miwili karibu na maji vishike udongo. Nyuma yake tukaacha upana wa watu wawili kupishana. Nestori alisimama kwenye mahindi yake akatutazama mpaka tukamaliza. Nilifikiri tumeumia bure.

Lakini Konsolata, mkono ukiwa bado kwenye kitambaa, alikuja baadaye na vipande vyake, akaanza kupanda upande wao kwa mkono mmoja. Mumewe akamwita arudi. Akamjibu kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mimi ndiye niliyeanguka." Nestori akashuka na jembe, akang'oa mahindi yake mwenyewe. Shauri lao kwa wazee wakaliondoa pamoja. Majirani wengine wa bondeni wakafuata, ila nyumba moja imekataa mpaka leo, na njia inapofika hapo inawazunguka. Hawasemwi. Watakuja au hawatakuja.

Sasa ungepaona. Majani yameshika, kila mwenye mbuzi anakata kidogo. Wanawake wanafua pale, wanaanika nguo juu ya nyasi, wanasukana. Kuna mama aliyefiwa na mwanawe. Huja na kidumu kitupu, hukaa, na huondoka nacho kitupu, na hakuna anayemwuliza. Nilipomwona nilijua nimefika mahali ninapopajua. Nilianza kucheka tena kabla sijajua kwamba nacheka.

Kwa hiyo, mama, usiwe na wasiwasi na mimi. Nimerudi Gitega, na tumekubaliana na Hamisi kwamba kila msimu wa kulima nitakwenda Buhinyuza. Hamisi anasema hata mishono yake imenyooka tangu nirudi na sauti. Siombi nauli ya kurudi. Njoo wewe, goti likiruhusu, au mtume Mwanahawa akuletee habari za alichokiona kwa macho yake.

Nisalimie shangazi Mwanakombo, umwambie kikapu chake kimefanya kazi mbali kuliko anavyojua. Msalimie mjomba anayeshona nyavu, mwalimu wangu wa chuo cha Kurani, na jirani yetu mkaanga samaki pamoja na wanawe. Mwanahawa mdogo wangu nambusu kwenye paji la uso, hata kama ameruka maneno.

Kuna ujumbe mmoja wa mama mkwe. Nilimweleza kwamba bahari hutoka ikaacha mchanga wazi, watu wakaokota riziki, kisha ikarudi yenyewe, kila siku. Aliniangalia sana. Akasema, "We uko binti yangu sasa, unaweza kunidanganya kwa kunipenda. Mama yako hanijui, hana sababu ya kunidanganya. Aandike yeye kama ni kweli." Basi tafadhali, mama, mwandikie.

Mwanao akupendaye,
Mwanaidi