Alama zimeungua tanurini

Shoga, nimekwisha. Nimekwisha kabisa!

Unakumbuka kile chuma chetu kipya cha milango ya magari, kilichopinda bila kupasuka hadi mzee bosi akanipigia makofi? Sicho! Kile kilikuwa cha zamani!

Vipande vya majaribio vya chuma cha zamani na kipya vinafanana, na mimi niliandika namba kwa kalamu badala ya kuzigonga kwa mhuri wa chuma. Tulipovipasha moto kabla ya jaribio, tanuri likaziunguza zote. Nikaziandika upya kwa kukisia. Kwa KUKISIA, shoga!

Leo wateja wamekuja, mashine imekibana kipya chenyewe, kikapasuka kama sahani mbele yao.

Mzee kaniuliza taratibu, "Mwanangu, namba uligonga?"

Nikajibu, "Ndiyo."

Sasa anakuja mezani kwangu, kipande mkononi, anavaa miwani.