Feni Hii ni ya Kompyuta

Jumamosi, 7 Februari

Imezima tena! Mara ya tatu tangu asubuhi. Skrini nyeusi tii, nami nimekodoa macho kama mfiwa. Kasha ukiligusa — moto kama pasi. Chumba paa la bati, dirisha moja. Mchana huu hata mjusi ukutani anahema.

Ramani ya mtaa wetu imo humo. Niliichora mwenyewe nikiwa ofisi ya upimaji. Nilipostaafu wakanipa kompyuta hii badala ya kuitupa. Programu ya kizamani, kwenye mashine mpya haifunguki. Na ramani inasema wazi: pale jirani alipojenga ukuta ni njia ya watu. Mita tatu! Mama mkwe alikuwa akipita hapo na fimbo yake kwenda zahanati. Sasa anazunguka barabara kuu, juani. Juzi alirudi akaketi chini mlangoni, sauti haitoki.

Baraza la mtaa linakaa Ijumaa. Jirani kaniambia, tena kwa kicheko, nikalee wajukuu. Nitalea. Na njia itafunguliwa.

Jumapili, 8 Februari

Nimeitoa dirishani, nimeiweka kona isiyopigwa jua, juu ya matofali mawili ipumue. Kava la ubavuni nimelifungua. Vumbi! Ungepanda maharage yakaota. Nimelitoa kwa brashi ya rangi, kifeni cha ndani nikikishika kwa kidole kisizunguke. Kisha feni ya meza nikaielekeza humo.

Mume wangu akauliza, hiyo feni si ya binadamu? Nikamwambia, wewe ukiona joto unatoka nje, hii haina miguu. Akahamia barazani na gazeti lake, kifua wazi.

Kipimo cha joto kwenye skrini: digrii tisini na mbili. Imedumu dakika arobaini. Haitoshi.

Jumatatu, 9 Februari

Kidogo tu yaishe yote. Nilirudisha kava, nikatoka kwenda dukani. Kurudi — mama mkwe ameifunika kwa taulo lililolowa chepechepe!

"Ilikuwa inahema, mwanangu. Nimeipoza."

Nilichomoa waya ukutani kabla sijasema neno. Matone matatu juu ya kava, ndani makavu. Sikumfokea. Nilimwambia tu, mama, hii na maji ni paka na panya. Akaniuliza kama ameiua. Nikasema hapana, nikaenda kulia bafuni.

Jumanne, 10 Februari

Fundi amekuja. Ameitazama, akasema hii ipelekwe makumbusho, ninunue nyingine. Sikukuita uizike, nikamjibu. Akacheka, akashika bisibisi. Ile dawa inayopitisha joto juu ya prosesa imekauka kama chaki! Ameikwangua, amepaka mpya.

Sitini na nane!! Saa nane mchana! Nimepiga vigelegele peke yangu.

Alhamisi, 12 Februari

Nilipeleka ramani iliyochapishwa kwa mwenyekiti wa baraza. Jirani alikuwepo. Karatasi, anasema, kila mtu anaweza kujichapishia. Mwenyekiti akakuna kidevu: basi kesho iletwe kompyuta yenyewe, ifunguliwe mbele ya watu.

Walidhani nitarudi nyuma. Mume wangu anasema ukumbi ule ni tanuri. Najua. Twende tukaokwe.

Ijumaa, 13 Februari. Ukumbini

Tumeileta kwa toroli, imefungwa blanketi. Mume wangu alisukuma njia nzima bila kulalamika — hili naliandika lisije likasahaulika. Watu wamejaa hadi madirishani, upepo hauingii. Feni za darini zimekufa. Soketi inayofanya kazi ni moja. Waya wangu wa kugawia umeme una matundu mawili: kasha na skrini. Feni yetu ya meza imekaa bure sakafuni.

Iliwaka. Mitaa ikajitokeza, watu wakanyanyuka kutazama. Themanini na tisa... tisini na sita... sijafika kwenye njia, ikazima.

Jirani akasimama, akasema basi shahidi kazimia, tufunge kikao. Wakacheka. Nikasema kwa sauti: mimi siondoki. Mwenyekiti akatoa dakika kumi ipoe.

Nilifungua kava, nikaanza kuipepea kwa daftari hili. Mkono ukauma, sikuacha. Mara mke wa jirani, aliyeketi safu ya mbele, akanyanyuka. Akachukua jalada la nyaraka mapajani mwa mumewe. Akapiga magoti kando yangu.

"Nipepee wapi, dada?"

Nikamwonyesha. Anapepea kwa nguvu, jasho linamdondoka kidevuni. Ndiyo maana mimi nimepata mkono wa kuandika. Mumewe kamwita mara mbili. Hageuki.

Nimegusa bati la kupoozea — vuguvugu. Dakika mbili zimebaki. Mumewe anakuja, hatua kubwa kubwa. Mke anasema, bila kuacha kupepea, "Washa, dada. Washa sasa."

Naweka kalamu, nabonyeza—