Gauni la Marehemu

Mdogo wangu,

Huku wazima, ila goti langu ndiyo hivyo, na kuku wa jirani wamemaliza mchicha wangu. Jirani mwenyewe ndiye anayeniandikia barua hii, kanuna.

Mjukuu wetu amevunja ungo. Alichafuka darasani, wakamcheka, shule hataki tena. Pedi za dukani siziwezi. Basi nikatoa gauni la marehemu mama yake, lile laini la pamba, nikalichana vitambaa, nikamwonyesha namna ya kuvaa.

Akaomba sindano. Nikafurahi, nikidhani anapiga pindo. Kumbe analiunga tena gauni la mama yake.

Tuma pedi, mdogo wangu, hata pakiti moja. Yuko hapo mlangoni anashona, na mimi sina ubavu wa kumkataza.

Ni mimi, dada yako.