Kisogo Kilichosubiri Kahawa

Jumatatu, 4 Machi 2019
Swantje, mtafiti kijana wa maabara yetu, ana jeni kumi na nne, anazitaja kama mama anavyotaja wanawe. Kwa kima wetu sita, jeni hizo zinachapa kazi kisogoni, penye eneo la kuona, na zinasinzia kwenye paji, penye kupanga na kuamua. Gamba la ubongo ni moja, jeni ni zilezile — ila kila mtaa na sheria zake. Makala inakwenda jaridani Ijumaa ya wiki ijayo. Mkataba wake unakwisha mwezi huu. Makala ikisimama, Profesa Ahlers, mkuu wetu, atamwongeza miaka mitatu.

Nimempongeza, nikaazima orodha ya jeni zake. Mimi niliajiriwa kutengeneza majokofu, miaka ishirini na miwili iliyopita. Kisu cha ubongo nilikabidhiwa kwa kuwa mkono wangu hautetemeki. Mengine nimejifunza kwenye majarida yanayosahauliwa chooni.

Jumanne, 5 Machi
Tisa kati ya zile kumi na nne hazihusiki na kuona hata kidogo! Ni jeni za dharura — seli huziwasha ikihisi mauti. Sasa kwa nini kisogo kihangaike na paji litulie?

Nimefungua daftari langu la kukatia. Kima wote sita: paji, saa mbili na nusu asubuhi. Kisogo, saa nne na dakika kumi. Katikati hapo — saa tatu na nusu, kahawa.

Kahawa ya saa tatu na nusu haikosekani hapa. Jengo likiungua tutatoka na vikombe mkononi. Basi kisogo kimekaa sahanini juu ya barafu, sisi tunatafuna mikate ya nyama mbichi ya nguruwe, kama ilivyo desturi ya huku. Mkataji nani? Sahihi yangu, mara sita.

Jumatano, 6 Machi
Sijasema kitu. Nimelala vizuri.

Alhamisi, 7 Machi
Nimemuuliza Profesa mbele ya watu, kwa sauti ya fundi majokofu: hivi kipande kikikaa barafuni zaidi ya saa nzima, hakichoki? Akacheka. Barafu ni barafu, akasema, nisijitie wasiwasi. Swantje hakucheka. Akanifuata koridoni, nikampa daftari. Alisoma zile saa, akakaa sakafuni palepale.

"Ungenyamaza tu, Bwana Reents, kazi ningeipata."

"Ungeipata, binti. Halafu mtu wa mji mwingine arudie jaribio lako, mtu asiyekunywa kahawa."

Akaniita mzee mchawi. Kisha akauliza tufanyeje.

Jumatatu, 11 Machi
Ottilie, kima wetu mkongwe, figo zimemshinda. Daktari wa mifugo amemlaza usingizi wa mwisho leo saa tatu asubuhi. Swantje aliomba ubongo. Nimeanza na kisogo.

Saa tatu na nusu Profesa akachungulia.

"Reents, kahawa inapoa."

"Ipoe, Profesa."

Mara ya kwanza tangu niajiriwe! Alisimama mlangoni, akaangalia saa, akaangalia kisu, akaangalia daftari ambalo Swantje alikuwa ameliacha wazi — eti kwa bahati mbaya. Hakwenda kunywa. Dakika kumi baadaye kila kipande kilikuwa kimegandishwa.

Ubongo mmoja hauthibitishi kitu, lakini unaweza kukanusha vingi. Mimi nina hakika: tisa zitaanguka, tano zitasimama. Swantje anasema zikianguka zote, yeye anarudi kwa mama yake kuuza maua.

Jumatano, 13 Machi
Mashine ya kupima jeni imemaliza saa tatu na nusu kamili. Ina adabu. Swantje ameleta kompyuta kwenye meza ya kahawa, katikati ya vikombe. Naandika chini ya meza.

Ya kwanza: kisogo na paji sawasawa. Ya pili, sawasawa. Tisa zote zimeanguka, kama nilivyosema. Profesa alikuwa akinisogezea sukari, sasa ameacha.

Zimebaki zile tano.

Swantje ameshika mkate, hatafuni. Ananiangalia mimi, si kioo cha kompyuta. Nimeitikia kwa kichwa — fungua. Amebofya ya kumi. Kahawa ya Profesa inapoa, na hakuna anayemkumbusha.