Mwaitu, Uliyekalia Gogo Mbele ya Mwanao

Mwaitu mpendwa, mama wa mume wangu,

Siku niliyoletwa kwako kama mke wa Kioko, ulinipa mtungi kabla hujanipa kiti. Wageni walikuwa bado uani wakila, gauni la harusi lingali linanibana, nawe ukasema, "Twende nikuonyeshe maji. Chai itangoja." Tukapanda kile kijia kinachoingia msituni, wewe mbele, mimi nyuma na viatu mkononi. Chini ya mikuyu, pale chemchemi inapotokea, ulipiga magoti ukanywa kwa viganja, kisha ukaniambia kwamba hapo ndipo uchungu wa kumzaa Kioko ulikushika ukiteka maji. "Kidogo tu nimzalie hapa," ukasema, ukacheka mpaka ukakohoa. Kabla ya kicheko hicho nilikuwa nakuogopa sana.

Ulikuwa umempa jina la baba yako, ndiyo maana sikuwahi kukusikia ukimwita Kioko. Ulimwita Nau, baba yangu, na watu waliniambia ulimwita hivyo hata alipokuwa bado anapanguswa kamasi.

Kisha yakaja yale malori. Kwenye baraza la chifu tuliambiwa kwamba msitu ni wa serikali, na kwamba kuna mtu mwenye kibali cha kutoa miti iliyozeeka tu. Mahindi yetu yalikuwa yamekauka shambani na Kioko alikuwa amekaa muda mrefu bila kazi. Alipopata kibarua cha kushika msumeno wa injini, mimi nilimshukuru Mungu. Hazikupita wiki nyingi, ile miti iliyozeeka ikaisha, wakaanza kuteremka kuelekea mikuyu.

Asubuhi ile ulikuja jikoni kwangu umejifunga leso mbili. Wanawake wa mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana kulima, walikuwa wakikungoja barabarani. "Mimi sikuiti," uliniambia. "Wewe ni mke wake. Kaa na watoto."

"Mwaitu," nikakujibu, "na maji ya hao watoto nitayatoa wapi?"

Ulinitazama, halafu ukanipa kiondo chako nikubebee.

Mkuyu wa kwanza ulianguka tukiwa bado njiani. Tuliusikia, na ardhi ikatikisika miguuni. Tulipofika ulikuwa umelala, majani yangali yakitetemeka. Hukupiga kelele. Ulipanda juu ya gogo, ukakaa, ukanyoosha miguu kama mtu aliye kwake, nasi tukakaa kando yako. Kioko alikuwa amesimama mbele yako, msumeno ukinguruma mkononi. Akauzima.

"Mama, toka hapo. Mti umeshaanguka. Sasa unalinda nini?"

"Nalinda ule ulio nyuma yangu, Nau."

"Na watoto wangu watakula nini?"

"Watakula kwangu."

"Kwako kuna nini?"

Ndipo msimamizi wao akamwita askari aliyekuja na lori, naye akakushika mkono akuinue kwa nguvu. Kioko akaweka msumeno chini.

"Usimguse huyo. Ni mama yangu."

"Basi mwondoe wewe," msimamizi akamwambia.

"Siwezi."

Wenzake wakacheka. Msimamizi akamwambia aende kwao, asirudi tena. Mume wangu akatupita pale juu ya gogo bila kututazama, wewe wala mimi.

Tuliketi hadi malori yakashuka matupu. Tukarudi kesho yake, na kesho kutwa. Watu wa kanisa wakajiunga nasi, vijana wakapiga picha wakazisambaza, na mwishowe maafisa wakaja, wakatazama kibali, wakatazama visiki, wakasimamisha kazi. Siku hiyo watu walikubeba juujuu sokoni Nunguni wakiimba. Nilikuwa karibu nikakusikia ukiomba ushushwe. Wao hawakujua kwamba asubuhi hiyo hiyo Kioko alikuwa amepanda gari kwenda Kambu bila kukuaga.

Alipata kazi ya kuziba pancha kando ya barabara ya Mombasa. Alinipigia simu mimi. Nikisema nikupe wewe, anakata. Kila jioni ulikuja jikoni kwangu ukauliza habari za kila mtu isipokuwa yeye. Kisha siku moja ukajaza kiondo avokado, ukavaa viatu vya kanisani, ukaenda Kambu peke yako. Uliporudi nilikungoja useme.

"Amekonda," ukasema. "Lakini avokado amezipokea."

"Mliongea nini?"

"Alinikalisha kivulini akanifungulia soda. Hatukuongea."

Aliahidi kuja Krismasi. Mvua za mwisho wa mwaka zilikuja kwanza, na kifua chako hakikuzistahimili. Alifika siku moja kabla ya mazishi, akashika sururu kuchimba kaburi mwenyewe, na wenzake walipotaka kumpokea akakataa.

Hakurudi Kambu tena. Tunaishi naye hapa vizuri, Mwaitu, lakini jina lako halitamki, nami nimebaki kukukumbuka kimoyomoyo. Hakuna anayeniambia muthokoi wangu, yale mahindi ya kukoboa, haujaiva. Kanisani sauti ya pili inaimbwa sawasawa siku hizi, na mimi nasikitika, kwa sababu uliyekuwa ukiiharibu hupo. Natamani hata kugombezwa nawe.

Wiki jana, mchana, tulisikia misumeno tena, upande wa pili wa mlima. Nilikuwa nafua. Niligeuka nikautazama mlango wako, kabisa, kama mtu anayengoja utoke. Kioko alikuwa akila. Aliisukuma sahani akainuka.

"Waite wanawake," akasema. "Mimi natangulia."

Tulimkuta amesimama kijiani mbele ya kijana mwenye msumeno, mikono yake mitupu, akimsemesha polepole. "Najua una watoto," alikuwa akimwambia. "Mimi si adui yako. Lakini hapa hupiti." Walibishana sana. Tulipozidi kuwa wengi, yeye na wenzake wakapakia vyombo vyao wakaondoka. Kama watarudi, hatujui. Sasa tunapeana zamu za kulinda.

Wakati wa kushuka tulibaki nyuma sisi wawili. Kioko akasimama, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mama alikufa akiwa na hasira na mimi?"

"La," nikasema.

"Alikuambia?"

Hukuniambia, Mwaitu. Hukuwahi kuniambia. Lakini nilikuona ukipangusa zile avokado moja moja kwa leso yako kabla ya kuzitia kiondoni.

"Ndiyo," nikamjibu. "Aliniambia."

Akakaa chini palepale njiani akalia, nami nikakaa naye mpaka akamaliza. Nimesema kwa niaba yako bila ruhusa yako. Ungekuwepo ungemwambia mwenyewe, na nisingehitaji kukuandikia.

Lala salama, mama. Natamani sana kukuona.

Mkaza mwanao